Nukta Iliyohamishwa

Ndugu zangu wa Nkololo, nanyi mnaosoma mkiwa mbali, kaeni vizuri. Habari hii sitaipaka sukari. Aliyekufa amekufa, na aliyemuua bado tunasalimiana naye njiani.

Asubuhi ile boma la mzee Mayunga lilikuwa limetulia. Ng'ombe walikuwa hawajafunguliwa, uji wa mtama ulikuwa unachemka, na Scola, mkamwana wa boma, mama yake Goodness mdogo, alikuwa akiwafukuza kuku wasiangushe chupa mbili zilizopangwa juu ya kinu kilichopinduliwa. Chupa hizo zilikuwa za mumewe, Mahona, kijana wetu aliyesomea udongo chuoni. Mradi wa maji ulimpa kazi ya kutafuta mahali pa kuchimba lambo la kijiji. Udongo alioutoa chini kabisa, kimo cha mtu, aliutia chupani na maji, akautikisa, akauacha utulie. Mchanga ukashuka chini, tope laini likaukalia, udongo wa mfinyanzi ukawa juu yake.

Scola alipenda kazi ile. Alichuchumaa kando ya mumewe akimtazama akichora pembetatu kwenye karatasi.

"Kona hii mchanga, hii tope laini, ile ya juu mfinyanzi," Mahona alimweleza. "Vyote vitatu lazima vitimie mia. Mistari mitatu inakutana mahali pamoja, hapo unaweka nukta. Nukta ndiyo jina la udongo."

Nukta ya kwanza ilikuwa ya bondeni kwa Masalu. Ikapanda juu, kwenye mfinyanzi. Udongo wa kushika maji huo! Nukta ya pili ilikuwa ya hapo hapo nyuma ya boma. Mchanga sabini na nane, tope laini kumi na mbili, mfinyanzi kumi. Ikaangukia pembeni kabisa, kwenye kona ya mchanga. Luseni mtupu, kichanga kisichoshika maji.

Mzee Mayunga akatoka zizini akijifuta mikono.

"Lambo linakaa wapi, ng'wana Mayunga, mwanangu?"

"Kwa Masalu, baba. Kwetu maji yatazama."

Mzee alicheka, lakini si kicheko cha furaha. Yeye na Masalu waligombania malisho tangu ujana wao, na hawakuwahi kunywa maji ya mtungi mmoja. "Niliuza ng'ombe usome," akasema, "ili mimi na shingo yangu hii niende kwa Masalu kuomba maji? Karatasi si yako? Kalamu si yako?"

Akaenda zake. Mahona aliogopa kumuudhi baba yake, na zaidi ya hapo, tusifichane, naye alitamani kuona kijiji kizima kikipiga foleni mlangoni kwao. Akafuta nukta. Ila pembetatu ni kaidi, jamani. Ukidanganya namba moja, mistari inakataa kukutana. Ilimbidi azidanganye zote tatu: mchanga thelathini, tope laini ishirini na tano, mfinyanzi arobaini na tano. Mia kamili. Nukta ikapanda juu, ikakaa kama iliyozaliwa pale.

"Baba Goodness," Scola akauliza, "mbona umeihamisha?"

"Kakamue ng'ombe."

Katapila likaja, lambo likachimbwa nyuma ya boma, na siku mvua zilipolijaza tulipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Mzee Mayunga alisimama kwenye tuta akipokea salamu za watu kama mtemi. Masalu hakuja.

Mvua zilipokatika, maji yakaanza kushuka. Si ya kunywewa na jua, la! Yalizama chini kama uji kwenye chekeche. Pamba haijaisha kuchumwa, lambo likabaki mchanga mweupe na kinyesi cha ng'ombe. Watu wakaanza kunong'ona. Mahona akaitwa kwenye mkutano.

Hapo, ndugu zangu, mlango wa kutubu ulikuwa wazi. Angesema tu, "Nilikosea, nisameheni," tungemfokea, tungemtoza faini, tungekula faini yake na mambo yangeisha. Lakini aliona macho ya baba yake, akasema, "Maji yapo. Chini kuna mfinyanzi umeyazuia. Chimbeni visima humo humo lamboni."

Wanawake walichimba kidogo, wakaona kuta za visima zinamomonyoka, wakaacha. Elina, mke wa Masalu, akamwambia Scola waziwazi, "Mayu, mama yangu, mumeo ametudanganya. Njoo uchote bondeni kwetu, kisima chetu kina maji."

Maneno yale yalimchoma Scola. Alirudi nyumbani, akapiga goti mbele ya mumewe. "Baba Goodness, wanakuita mwongo. Ile nukta niliona ukiihamisha. Leo niambie kweli. Mfinyanzi upo?"

Mahona alimtazama mkewe. Kinywa kilifunguka.

"Upo," akasema. "Chimba chini zaidi."

"Basi nitawaonyesha."

Akabeba jembe na ndoo, akaenda akiwa na furaha, maskini. Alichimba mpaka kichwa kikawa hakionekani. Mchanga haukumpa hata nafasi ya kuita. Ukuta mmoja ulishuka, na wa pili ukaufuata.

Tulikimbia wote. Tulifukua kwa majembe, kwa sufuria, kwa mikono. Kila tulichotoa kilirudi. Mahona alilia, "Mama Goodness! Mama Goodness!" huku akichota mchanga, nao unateleza kati ya vidole vyake. Masalu na wanawe walikuja na mbao za kuzuia kuta, wakaingia wao. Ndio waliomtoa. Alikuwa ameshapoa, mdomo umejaa mchanga.

Mnadhani yaliishia hapo? Vijana walichimba kaburi kando ya boma, kama ilivyo desturi. Likabomoka. Wakachimba jingine. Likabomoka. Wakashika majembe wakamgeukia Mahona mbele ya waombolezaji wote, na Mayige, mkubwa wao, akamuuliza, "Mtaalamu, tuchimbe wapi?"

Mahona alinyoosha mkono kuelekea bondeni.

"Kwa Masalu," Mahona akasema. "Mfinyanzi upo kwa Masalu."

Hapo ndipo tulipoijua kweli. Mzee Mayunga akanyanyuka, akaegemea fimbo yake, akashuka bondeni kwa miguu yake mwenyewe kumwomba Masalu. Hakwenda kuomba maji. Alikwenda kuomba kaburi.

Masalu alimpa. Udongo wa mbuga, mfinyanzi ule wa bondeni, ulisimama wima kama ukuta wa nyumba, haukudondosha hata bonge moja.

FUNZO

Wazazi, msiwasomeshe watoto kisha mkawafundisha kuufanya ujuzi wao mtumwa wa ugomvi wenu. Nanyi wasomi wetu, sisi hatuwezi kusoma pembetatu zenu, tunawaamini, basi ogopeni imani hiyo. Uongo wa kwanza unaweza kuwa wa karatasi tu, lakini hautulii pake, utadai wa pili, na wa pili humpata anayekupenda, kwa sababu ndiye wa mwisho kuacha kukuamini. Kumwangukia jirani ni aibu ya siku moja. Goodness bado anauliza mama yake anarudi lini na maji.