Majirani wa Kiwanja Namba Sabini

Kila nikitoka shule hubadili sare, kisha hufagia karakana ya mama, ambaye ni fundi cherehani. Vipande vya nguo navitia guniani, pini naziokota kwa sumaku. Nyumbani wananiita Kachero, maana hata sukari ikipungua kijiko kimoja nauliza nani aliingia jikoni. Sioni haya. Wasiwasi ndio akili.

Wiki moja nilimshuku kaka yangu. Alijifungia chumbani na simu ya mama siku nne, na nikigonga ananiambia, "Nenda kafagie." Sikumwambia mtu. Nilitega sikio mlangoni tu.

Nikagundua kwamba yeye na mama walitaka kununua kiwanja kwenye mchezo wa mtandaoni. Ni dunia ya kwenye skrini, watu hutembeza vikaragosi vyao humo na kuvinunulia nguo. Kaka angechora mishono ya mama, wafungue duka. Mama alikuwa ameweka akiba ya cherehani ya pili kwenye pochi ya mtandaoni, inayofunguliwa kwa maneno kumi na mawili ya siri. Aliyaandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja.

Kununua kwenyewe kulikuwa kazi. Maelezo yalijaa maneno magumu, mtandao ulikatika kila mara, na kaka akikosea hatua moja anaanza upya. Ndipo akajitokeza mtu anayejiita Jirani Mwema. Kaka akamsomea mama ujumbe wake kwa sauti: "Mdogo wangu, usihangaike. Nina kiwanja namba sabini, karibu na lango kuu. Nitumie yale maneno kumi na mawili nikuandikishie."

Kaka alipokuja karakanani kuchukua daftari, nililikalia.

"Kachero, inuka."

"Huyo dalali umewahi kumwona uso?"

"Mama alipopanga chumba hiki, si alimkabidhi dalali karatasi zake zote? Kiwanja hakinunuliwi bila dalali."

Mama akaitikia kwa kichwa huku akikanyaga cherehani. Niliogopa kweli. Nilikuwa nimebaki peke yangu juu ya daftari.

Bahati nzuri shangazi aliingia, buti zimejaa tope. Yeye ni mpima viwanja. Alisikiliza, kisha akauliza, "Majirani mmewasalimia?"

"Shangazi, huu ni mchezo," kaka akacheka.

"Wapo au hawapo? Mimi sichomeki kigingi kabla sijabisha hodi pande zote nne."

Basi kaka akatembeza kikaragosi chake. Nyumba ya kushoto ilikuwa tupu. Ya kulia tulimkuta muuza kofia, tukamwandikia salamu na kumuuliza kuhusu namba sabini. Jibu likaja polepole: "Hicho ni uwanja wa watu wote, hakiuzwi. Mimi pia niliuziwa na Jirani Mwema. Nilimpa maneno yangu, akakomba pochi yote."

Cherehani ikanyamaza. Kaka aliketi juu ya gunia la vipande, akasema kwa sauti ndogo, "Ningekuwa nimeshamtumia, kama si huyu kukalia daftari. Mama, nisamehe."

Mama akachana ule ukurasa, akaufungia kwenye sanduku lake. Mimi nikaanza kutabasamu.

"Na wewe usivimbe kichwa," shangazi akanigeukia. "Umenusa jambo siku nne. Ulimuuliza nani?"

Nikatazama sumaku yangu.

"Sikilizeni wote," akasema. "Karatasi unaweza kumwonyesha dalali, lakini yale maneno ni ufunguo. Ufunguo wa nyumba hapewi mtu, hata akikuita mdogo wangu. Na wasiwasi ni akili ukiutoa mdomoni. Ukiufuga tumboni, mwizi anapita mbele yako nawe unachungulia tu."

Wakati huo muuza kofia akaandika tena: "Njooni niwaonyeshe ofisi ya mauzo ya kweli." Kaka alifurahi, kidole tayari kinashuka.

Safari hii sikunyamaza. "Shangazi, na huyu muuza kofia, tunamjuaje?"

Shangazi akacheka, akavuta kigoda na kuketi karibu na simu. "Umeona sasa? Hilo ndilo swali. Haya, tukabishe hodi upande wa tatu."