Tepe za Rangi ya Fedha kwenye Keki ya Mdogo Wangu

Kitambaa kilichofunika keki ya harusi kilipovutwa, niliinuka kitini.

Ile keki ilikuwa YANGU!

Ghorofa nne, nyeupe pee. Tepe za rangi ya fedha zimeizunguka kama maji, na fundo kubwa juu. Nilikuwa nimeichora kwenye daftari langu miaka miwili kabla, na mchoro ule sikuwahi kumwonyesha mteja yeyote.

Na pembeni yake amesimama Darla, anatabasamu, anapigwa picha!

Jamani, huyu Darla alikaa kwenye duka langu la keki hapa mjini Breaux Bridge miaka sita. Simu alipokea yeye, wateja aliwakaribisha yeye. Brashi hajawahi kuishika. Mwezi wa pili akaondoka bila hata kwaheri, na baada ya wiki tatu nikasikia amefungua duka lake.

Harusi yenyewe ilikuwa ya mdogo wangu wa damu, Corinne.

"Da Odile, siku hiyo usifanye kazi," aliniambia. "Njoo ukae kama mgeni."

Nikaona ananionea huruma. Kumbe...!

Nikamsogelea Darla.

"Umeipata wapi hii?"

"Ipi, mpenzi?"

"Usiniite mpenzi!"

"Odile, ni harusi hii. Meza wivu, urudi kwenye sahani yako ya kamba."

Mama akanivuta gauni. "Mwanangu, watu wanatuangalia."

Nikarudi nyuma hatua moja. Wenzangu, nililia kwa ndani. Kodiani ya wanamuziki inalia, watu wanacheza, na mimi nimeikodolea macho keki yangu.

Ndipo jua la dirishani likaipiga keki... nikashtuka!

Zile tepe ziling'aa mno. Ziling'aa kama bampa la gari jipya!

Sikia. Tepe za keki ni unga wa sukari uliokandwa. Unazikata, unaziacha zikauke, halafu unapaka unga wa kung'aa uliokorogwa na pombe kali nyeupe, kwa sababu maji huyeyusha sukari. Ule unga wa kuliwa una mng'ao wa upole. Haufiki pale.

Nikapitisha kidole. Kikabaki na rangi ya chuma.

Mungu wangu!

Nilijua ni ukurasa gani wa daftari langu aliounakili. Ni wa keki za maonyesho, zile za dirishani, ambazo ndani yake ni lile povu jeupe la kwenye boksi la tivii. Rangi yake ni ya fremu za picha. Haiendi tumboni!

Shetani akaninong'oneza: nyamaza. Waugue kidogo tu, Darla amekwisha!

Nikamwangalia Corinne na mumewe Remy. Wameshashika kisu pamoja, wanacheka.

"MSIKATE!"

Kodiani ikanyamaza.

"Hiyo rangi hailiwi! Ni ya kupaka vitu!"

"Mnaona?" Darla akawageukia watu. "Roho mbaya hiyo!"

Akavunja kipande cha utepe, akakiinua mdomoni ili aniumbue.

Ningemwacha tu... Nikampiga kofi mkononi, kipande kikaruka hadi chini ya meza!

"Darla, kopo la rangi limeandikwaje?"

Akageuka kutazama mlango.

"Nakuuliza, limeandikwaje?"

Darla akashusha sauti. "Limeandikwa... la mapambo tu. Nikajua keki nayo ni pambo..."

Watu wakaguna. Remy akaweka kisu chini.

"Ukaniibia daftari na hukujua hata kulisoma!"

"Sikuiba!" Darla akapiga kelele. "Nilipewa!"

"Na nani?"

Aligeuza macho tu, na mimi nikayafuata.

Corinne.

Mdogo wangu, ndani ya shela nyeupe, anatazama viatu vyake.

"Corinne? Wewe?"

"Niliupiga picha mimi ule ukurasa. Nilipohitimu, watu walisifia keki yako," akasema taratibu. "Nilipovalishwa pete, keki. Kila siku yangu inageuka kuwa yako, dada. Nilitaka ile nzuri kuliko zote, lakini leo tu isiitwe keki ya Odile."

Nilimpiga busu la shavuni, nikachukua mkoba wangu, nikaondoka. Nyuma yangu walikata keki ya chokoleti, ile ya pili ambayo kwetu huandaliwa bwana harusi.

Jumatano iliyofuata Corinne alikuja kwangu, akalia mlangoni. Nilimfungulia, tukanywa kahawa bila kuongea sana. Nimemsamehe. Kumwamini bado, na sitawadanganya kwamba nimefika huko.

Ila nimejifunza, wasomaji wangu. Darla alichukua mchoro tu. Kidonda kilikuwa nyumbani siku nyingi, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya sherehe za mdogo wangu, napokea pongezi.

Ukiwa na ndugu anayekaa kimya kila ukisifiwa, muulize leo kama anaumia. Usingoje aje ajibu mbele ya wageni.