Mgeni Ndani ya Seva

Kila akitoka shule, Kidoti alipitia hospitalini kumsubiri mama yake, fundi wa kompyuta. Alifanyia hesabu zake kando ya seva, ile kompyuta kubwa inayotunza kumbukumbu za wagonjwa wote.

Siku hiyo feni za seva zilivuma kama mashine ya kusaga. Mzee mmoja aligonga dirisha. "Mwanangu, karibu niote mizizi kwenye hili benchi! Faili langu bado tu?"

"Nivumilie, baba," mama alijibu, jasho likimtoka. Akamwonyesha binti yake skrini. "Prosesa ndiyo ubongo wa seva. Ona ilivyoelemewa! Lakini kumbukumbu zinazotafutwa ni chache. Sasa nani anaitumikisha?"

Akazipanga kazi zote, kuanzia ile iliyokula nguvu nyingi. Jina lake lilifanana na la programu ya hospitali, ila herufi moja ilizidi. Mama aliichunguza, akaduwaa. "Hii inamtengenezea mtu sarafu za mtandaoni, pesa za kidijitali, kwa nguvu za seva yetu! Na imewekwa kwa akaunti yangu. Nani analijua neno langu la siri?"

Kalamu ilimponyoka Kidoti. Mjomba, yule aliyemfundisha kuendesha baiskeli, alikuwa amemnong'oneza: "Nitajie neno la siri la mama, mpwa wangu. Nataka kumrahisishia kazi. Tumshangaze!"

"Ni Mjomba," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nilikuona ukiliandika, nikamtajia. Alisema anakusaidia!"

Mama aliizima programu ile, akaifuta, akabadilisha neno la siri, kisha akamwarifu mganga mkuu. Feni zikatulia. Ndipo akampigia simu mdogo wake.

"Ah, dada, mashine tu hiyo, haichoki," Mjomba alicheka.

"Wagonjwa wanachoka!"

"Kumbe kakwambia? Huyo mtoto hana kifua kabisa. Nilimtumia bure."

Kidoti, aliyekaa karibu na simu, alisikia kila neno. *Nilimtumia.*

Mama alikata simu, akamvuta karibu. "Hata mimi ameniumiza, mwanangu. Tumenyonya ziwa moja. Nami nilikosea kuandika neno la siri mbele yako. Lakini shika hili: neno la siri hapewi mtu, hata awe ndugu. Na anayekupenda hawezi kukutwika siri ya kumficha mama yako. Ukishagundua kosa, sema ukweli papo hapo, kama ulivyosema leo."

Nje, jina la yule mzee liliitwa.

"Mama, nimpigie Mjomba nimwombe radhi kwa kumtaja?"

"Hapana," mama alisema. "Safari hii, wa kuomba radhi ni yeye."