Hatua za Meneja

Siku hiyo wastaafu walijaa ofisini mpaka barazani, kila mmoja na bahasha yake, wamekuja kuhakikiwa kwamba bado wako hai. Fundi, aliyeshona sare za hospitali kwa miaka thelathini, alikuwa katikati ya foleni ndani ya gauni la buluu la vifungo vya mbao. Goti la kulia lilimsumbua. Kusimama hawezi, kukaa hataki. Mara akahisi kitu kinamzunguka miguuni. Kutazama, kamba! Mbwa wa kahawia, sikio moja limesimama na jingine limelala, alishamzunguka mara mbili.

"Baba, mwondoe mbwa wako kabla sijaanguka!"

"Huyu si mbwa, ni Meneja," akajibu mzee mrefu mwenye kofia ya kaki. "Kazi hafanyi, anakagua watu tu."

"Naye kaja kuhakikiwa?"

"Yeye ndiye shahidi wangu kwamba niko hai."

Mzee akainama kumfungua. Bibi mmoja nyuma yao akapiga kigelegele, foleni nzima ikacheka. Mzee alikuwa dereva wa mabasi ya masafa, mkewe amefariki. Fundi naye alikuwa mjane. Kabla hawajafika dirishani, walishapeana namba.

Tangu hapo simu ya Fundi haikutulia.

"Umeamka, fundi wangu?"

"Zamani! Wewe ndiye unayechelewa, Dereva. Abiria wako walikuvumiliaje?"

"Walinipenda. Toka nje basi, niko getini na Meneja."

Kila asubuhi walikwenda uwanja wa mpira. Dereva na Meneja walizunguka, Fundi akaketi kwenye benchi akisema anapenda kutazama. Ukweli ulikuwa goti, na mwanamume anayetembea kifua mbele namna ile utamwambiaje kwamba huwezi kumaliza hata mzunguko mmoja?

Balaa lilikuwa saa. Binti yake, muuguzi, alimfunga mkononi saa ya kuhesabu hatua, maana daktari alisema goti linataka mazoezi. Hesabu ilikwenda moja kwa moja kwenye simu ya binti. "Elfu tano kila siku, mama. Usipozifikisha, nakuhamishia kwangu." Kwa binti kulikuwa ghorofa ya nne, ng'ambo ya pili ya jiji. Kuhamia huko ilikuwa kuagana na Dereva.

Fundi akafanya lile ambalo ni mshonaji tu angelifikiria. Alimshonea Meneja mkanda wa shingoni wa kitambaa chekundu, tabaka mbili, na katikati akaficha kifuko. Asubuhi anautia saa na kumfunga mbwa. Wakirudi anaufungua, eti akaufue.

Dereva alipouona mara ya kwanza, machozi yalimlengalenga. "Tangu mama watoto aondoke, hakuna aliyeshona hata kifungo nyumbani kwangu."

Maneno hayo yalimchoma Fundi. Lakini kesho yake akautia saa tena.

"Mama, elfu tisa! Hongera!" binti akapiga simu. Siku Meneja alipofukuza paka, alipiga tena: "Elfu kumi na saba! Mama, unakimbizwa na nani?"

Ijumaa moja Dereva alikuwa upande wa pili wa uwanja pale shingo ya Meneja ilipoanza kulia. Binti alikuwa anampigia Fundi, na saa, iliyounganishwa na simu yake, nayo ikaitika. Fundi alimwona Dereva akiinama na kupapasa mkanda. Alirudi polepole, saa kiganjani, hesabu ya hatua ikiwaka kiooni.

"Asubuhi zote hizi ulikuwa unanitaka mimi, au miguu ya mbwa wangu?"

"Dereva, nisikilize…"

"Njia ya mwongo ni fupi, mama." Hakumwita fundi wake. Alimwekea saa na mkanda mapajani, akaenda zake bila kugeuka.

Siku tatu Dereva hakupokea simu za Fundi. Fundi alishona akafumua, alichemsha chai akaiacha ikapoa, kila mlio wa geti ukampeleka dirishani. Alijichukia. Siku ya nne, kabla ya jua kupanda, alikaa kwenye cherehani akashona mkanda mwingine. Kisha akaiacha saa pale mezani, akavaa viatu vya raba, akatoka.

Kwa Dereva kulikuwa mbali, baada ya daraja, juu kilimani. Makondakta walimwita, akakataa. Alitaka afike kwa miguu yake, si ya mtu wala ya mbwa. Kwenye kituo cha mafuta goti lilianza kuwaka. Kwa fundi wa matairi alipewa kigoda, akashukuru asiketi, maana angeketi asingeinuka. Kilima alikipanda akishika kuta za nyumba za watu.

Meneja alibweka kabla hajabisha. Dereva akafungua, povu la kunyolea kwenye shavu moja.

"Umekuja na nini?"

"Na miguu." Alihema. "Goti langu ni bovu, Dereva. Niliona aibu, na niliogopa kuhamishwa mbali nawe. Nilidanganya hatua. Sikudanganya kwamba nakupenda." Akamnyoshea mkanda. "Ugeuze."

Dereva aliugeuza, akapitisha kidole kwenye mshono ncha hadi ncha. Tabaka moja. Hakuna mfuko.

"Ungeniambia tu, tukatembea polepole," akasema. "Kwani mimi na Meneja tuna haraka ya wapi?"

Simu ikalia. "Mama! Saa inaonyesha sifuri! Umeanguka?"

"Nimetembea, mwanangu. Nimevuka daraja, nimepanda kilima. Saa iko nyumbani."

"Daraja? Uko na nani huko?"

Dereva akasogea kwenye simu. "Binti, mama yako yuko salama."

"Wewe nani?"

Dereva akamtazama Fundi. "Mwambie. Mimi ni nani?"

"Ni mchumba wangu," Fundi akasema, moyo unamwenda mbio kuliko kilimani. "Akikubali."

Dereva akamvutia kigoda, akamkalisha, akamshika goti kwa mikono miwili.

"Mwambie amekubali," akasema. "Ulisikia nilivyosema, njia ya mwongo ni fupi. Hii uliyokuja nayo leo, fundi wangu, ni ndefu."