Akaunti ya Mzee Funguo

Asubuhi ile Mama Data alichelewa kazini, na bado alikuta anashukuriwa. Fundi wa maabara alimwambia jibu lake la alfajiri limemwokoa. Mama Data hakuwa amemjibu mtu. Alfajiri alikuwa wodi ya wanawake, akimkanda mama yake miguu.

Kazi yake pale hospitali ilikuwa kutunza hifadhidata, lile ghala la kompyuta lenye majina ya wagonjwa wote, dawa zao, vitanda vyao na ndugu zao. Usipokuwemo humo, hata kidonge cha kichwa hupewi. Kutwa alikuwa akiulizwa maswali kwenye dirisha la ujumbe: mbona ripoti inajikokota, nakala ya akiba ya jana inarudishwaje, karani mgeni apeweje ruhusa ya kusoma asije akafuta. Maswali yale yale, watu wale wale, na kusikia hawasikii.

Alilifungua dirisha. Jibu lilikuwepo, hatua kwa hatua, zuri kuliko ambalo angeandika yeye, na hilo lilimuudhi. Lilitoka kwenye akaunti ya Mzee Funguo. Chini kabisa palikuwa na neno moja: "Imeshalipwa."

Mzee Funguo alishika kazi hiyo kabla yake. Alikufa mwaka uliopita, akazikwa, lakini akaunti yake ilibaki, kwa sababu stoo ya dawa na vibandiko vya chupa za damu viliendeshwa kwa jina lake, na hakuna aliyejua ukiling'oa kitaanguka nini. Mama Data akawa anasema ataifunga kesho. Ngoja ngoja huumiza matumbo, naye alikuwa bingwa wa kungoja.

Mchana kukazuka tafrani wodi ya wanaume. Mwanamke alisimama kando ya kitanda na kapu la nguo zilizopigwa pasi, akimwomba radhi mgonjwa kwa adabu kwamba hamjui.

"Mke wangu, ni mimi," alisema yule mwanamume.

Jina lake halikuwemo kwenye kompyuta. Mama Data alitazama, akaona mstari wa taarifa zake ulifutwa dakika ile ile jibu la alfajiri lilipotoka. Akaurudisha kutoka kwenye nakala ya jana. Jina lilirudi, lakini kumbukumbu ya mke haikurudi.

Akawakataza wenzake kuuliza lolote dirishani, maana kila jibu lilikuwa na bei yake. Mhasibu akauliza, eti swali dogo tu, na jioni baba mmoja akampita mwanawe kwenye benchi kama anayepita kiti. Hapo Mama Data aliogopa kwelikweli, maana mama yake naye alikuwa mstari mmoja humo ndani.

Alijaribu kuifunga akaunti. Ikakataa. Kila kitu kilikuwa mali yake, na kuikata kwa nguvu kungezima stoo ya dawa huku watu wako juu ya meza ya upasuaji. Nyuma ya mlango uliofungwa wa chumba cha mitambo, ambamo hamkuwa na mtu, vidole vilisikika vikibonyeza vibonyezo vya kompyuta, taratibu kwanza, kisha haraka, na harufu ya nywele zilizoungua ikapenya chini ya mlango, ikamfuata mpaka mezani, ikamkaa kooni, na kila alipoacha kuandika navyo viliacha, alipoanza vikaanza, mpaka akashindwa kujua ni mikono ya nani inayofanya kazi mle ofisini.

Mlinzi alimleta mjomba wake, mganga. Mzee yule alinusa mlango, akarudi nyuma.

"Si marehemu huyu," alinong'ona. "Marehemu amepumzika. Mliacha nguo zake kambani, mwingine akazivaa. Zivueni, ataondoka. Ila mimi kompyuta siijui, mwanangu."

Hakuna aliyejua namna ya kuzivua, isipokuwa aliyezivaa. Mama Data alilia kwanza. Alikwenda wodini, akamtazama mama yake aliyelala, akamshika kidole kimoja kimoja, akijikariri: huyu ni mama yangu, anachukia dawa za maji, anakoroma na kukana, huyu ni mama yangu. Kisha akarudi mezani akaandika swali: "Nitahamishaje kila unachomiliki, nikufunge, pasizimike kitu?"

Kule ndani vidole vilitulia. Jibu likaja, refu, la uaminifu, bila hila hata moja. Chini yake: "Imeshalipwa."

Alifuata hatua zote. Stoo haikuzimika. Jina la Mzee Funguo likatoka, na harufu ikatoka nalo. Akafumba macho, akajiuliza mama yake ni nani, na uso ukamjia wote, na makunyanzi yake na ukaidi wake. Hajamsahau. Alicheka peke yake, akakimbia ngazi mpaka wodini.

Mama alikuwa amekaa kitandani, amechangamka, anamsengenya muuguzi kwa jirani yake. Alipomwona mgeni amesimama mlangoni anahema, aliondoa shali kwenye kiti.

"Karibu, binti. Unamtafuta nani?"

Mama Data alitazama kompyuta ya wodi. Jina la mama lilikuwepo. Pa kuandikia ndugu wa karibu palikuwa peupe.

"Pole, usilie," alisema yule mama kwa huruma, akimshika mkono. "Kaa hapa upumzike. Mama yako yuko wapi?"