Gari la Mzee Wasyl Halizimi Taa

Lori lililokuwa likija mbele lilisogea pembeni na kusimama. Dereva akavua kofia, kama ilivyo desturi huku msafara wa mazishi ukipita, taa zikiwaka. Darcia akashusha kioo cha gari lake.

"Pole, dada. Mnamzika nani?"

"Hatuziki mtu. Tunatoka kununua unga."

Dereva akatazama barabara nyuma yake. "Na hao wanaokufuata?"

Nyuma palikuwa na theluji tupu. Ila taa za gari zilikuwa zimewaka zote, kali, saa sita mchana. Kwenye kiti cha nyuma, Tesia, binti wa Darcia wa miaka mitano, alikuwa amejibana dirishani kama anayempisha mtu akae.

Gari lilikuwa la baba mkwe wake, Mzee Wasyl, aliyezikwa majuzi. Mumewe, Orest, ni fundi wa magari.

"Gari limezeeka. Taa zinazojiwasha mchana zimechanganyikiwa," alisema Orest waliporudi nyumbani, akachomoa fyuzi. Taa zikawaka. Akapandisha breki ya mkono kidogo, ujanja wa kuzizima unaojulikana na kila mtu huku Saskatchewan. Zikawaka. Akakata waya.

"Orest, ndani mnanuka ubani. Na udongo mbichi."

"Mke wangu, usiniletee uchawi kwenye umeme."

Lakini taa ziliwaka hata waya ulipokatika, na mkono wa Tesia ulikuwa baridi kama koleo lililolala nje. Uji aliukataa. Alinong'ona na kiti kitupu.

Wakamwita Bibi Stefka, kikongwe wa jirani anayeagua kwa nta. Aliyeyusha nta, akaimimina kwenye bakuli la maji baridi lililoshikwa juu ya kichwa cha mtoto, akaitazama ilivyoganda.

"Siku ya mazishi, mlizima taa pale makaburini?"

"Baridi ilikuwa ya kuua," alisema Orest. "Tuliacha injini inanguruma mtoto asigande."

"Breki ya mkono?"

"Nani anaivuta majira haya, bibi? Inaganda, gari haliondoki."

"Basi taa ziliwaka mpaka mkarudi. Msafara huisha taa zikizimwa. Marehemu hakujua kwamba amefika, akazifuata hadi kwenu. Na aliyepotea njia ile habaki yule mliyemjua. Kazizimeni kaburini."

Darcia akachemka. "Sheria imesema taa ziwake mchana. Baridi imesema injini isizimwe. Barafu imekataza breki. Mtoto wangu kakosa nini hapo?"

Bibi Stefka akaanza kumvisha mtoto koti.

Kwenye lango la makaburi Orest alivuta breki ya mkono. Taa zikazimika, kimya kimya, kama taa za gari lolote lile. Orest akaegemeza kichwa kwenye usukani. Harufu ya ubani ikapotea.

"Mama," alisema Tesia, "babu anasema sasa haoni njia. Ameomba nimshike mkono."

Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Darcia akaruka nje, akazama kwenye theluji hadi magotini, akamwona mwanawe akienda taratibu kati ya misalaba, mwendo wa kumsubiri mtu mzee, mkono mmoja ameuinua juu na vidole vimefumbwa kuzunguka kitu kisichoonekana, na kadiri mama alivyokimbia ndivyo pumzi ilivyomwishia, mpaka akaudaka ule mkono mwingine, akauvuta kwa nguvu zake zote.

Upande wa pili nao ukavuta.