Mgeni wa Malkia

Jua lilikuwa linazama wakati meneja wa kundi la maigizo alipokwenda kufunga mlango wa nyuma wa ukumbi. Wenzake walimwita Funguo, maana hakukuwa na kufuli lililompita. Katika ziara ile kila kitu kilikuwa juu yake: nani alale wapi, nani anaumwa, nani apewe ruhusa.

Ruhusa ndiyo iliyokuwa ikimtafuna roho. Wiki iliyopita binti aliyeigiza malkia alimfuata, macho mekundu.

"Kaka, hali ya mama si nzuri. Nipe siku mbili tu nikamwone."

"Mdogo wangu, nani atashika nafasi yako? Vumilia mpaka onyesho la mwisho."

Malkia aliitikia kwa kichwa. Hakuomba tena.

Sasa mlangoni alisimama mama mmoja mwembamba, miguu peku.

"Hodi, mwanangu," alinong'ona. "Namtafuta binti yangu. Yule malkia."

Kumbe mgonjwa amepata nafuu! Funguo akashusha pumzi. "Karibu, mama. Shikamoo."

Mama hakuitikia.

Alimpitisha nyuma ya pazia, juu ya mbao kuukuu ambazo hata paka akikanyaga hulia. Zililia chini ya viatu vya Funguo.

Vyake tu.

Kisha ikaja harufu... harufu ya udongo uliolowa. Na mvua haikuwa imenyesha mwezi mzima.

Kwenye mlango wa chumba cha kuvalia, mama akageuka. "Ulimnyima ruhusa," alisema, bila hasira. "Basi nimekuja mwenyewe."

Akaingia. Funguo alibaki pale, uso umemshuka.

Simu ikalia. Waigizaji huacha simu zao kabla ya onyesho, kwa hiyo jamaa zao hupiga kwa meneja. Alikuwa mwanamke, analia.

"Mimi ni mama mdogo wa malkia wenu... Dada katutoka, tangu saa sita mchana. Mwambie taratibu, baba. Tafadhali."

Funguo aliutazama mlango. Ndani, mtu alikuwa akicheka kidogo kidogo.

Akausukuma.

Binti alikuwa peke yake mbele ya kioo. Chumba kile hakikuwa na dirisha wala mlango wa pili. Nywele zake, zilizokuwa timutimu alasiri ile, zilikuwa zimesukwa mistari myembamba, bado zinang'aa mafuta. Machozi yalimtiririka, lakini uso ulikuwa umetulia.

"Usihangaike kutafuta maneno, kaka. Kaniaga."

Funguo akapiga magoti, akaomba radhi mpaka sauti ikamkauka. Halafu, kwa mara ya kwanza maishani, alipanda jukwaani mwenyewe, akawaambia watazamaji kwamba hakuna onyesho. Akampakia binti kwenye gari la kundi, akaketi naye.

"Hakukukasirikia," binti alisema kati ya kwikwi. "Ila alisema umpigie mama yako. Leo hii."

Miezi minne hakuwa amempigia. Kazi, kazi, kazi. Simu iliita... ikaita...

"Mwanangu!" Sauti ya bi mkubwa ilikuwa changamfu. "Umejuaje nina mgeni? Mama mmoja mpole, hana hata viatu, maskini. Anasema mnafahamiana. Anasema haondoki mpaka ufike."

Funguo alimfikisha binti msibani, akaunganisha safari hadi kwao bila hata kunywa maji. Kulipokucha alimkuta mama yake mzima, ameshika ufagio.

"Mgeni ametoka sasa hivi. Hamkupishana?"

Hakuwa amepishana na mtu.

Alikaa na mama yake siku tisa. Alimpikia, akamkata kucha, akasikiliza tena visa alivyovijua tangu utotoni na kucheka palepale pa kuchekea. Siku ya kumi mama hakuamka.

Kundi zima lilikuja kuzika. Watu walipopungua, Malkia akaketi karibu na Funguo, kichwa chini. Sasa walikuwa yatima wawili.

"Najiuliza," Funguo alisema, "mama yako alikuja kunikumbusha, au alikuja kumchukua wangu."

Binti alizikunja pindo za khanga yake, akazikunjua.

"Sijui, kaka. Siku ile aliniuliza kwenu ni wapi. Alikuwa anatabasamu... Mimi ndiye niliyemwelekeza."